Hesabu Maji Kwanza, Mbuga Baadaye

Familia nyingi zinazotaka kuzuru mbuga za jangwani kaskazini mwa Kenya huanza na picha. Mtu ameona Ziwa Turkana likimeremeta kijani, ameona ngamia wakikatiza Chalbi, basi anachukua ramani na kupitisha kalamu juu ya majina: Samburu, Marsabit, Chalbi, Loiyangalani, Sibiloi. Kwenye karatasi ni siku nne. Mimi niliyezeekea kwenye usukani wa lori, nikipeleka mahindi Moyale na kurudi na mbuzi enzi ambazo lami ilikuwa ikiishia Isiolo, huanzia kwingine. Kwanza natia alama palipo na maji, kisha palipo na dizeli, kisha pa kulala. Mbuga hufuata. Zile zisizoangukia karibu na alama hizo hungoja mwaka mwingine.

Wafugaji wa Gabra na Rendille wamekuwa wakihama kwa hesabu hiyo hiyo tangu zamani, kutoka kisima hadi kisima, na ukoo mzima nyuma yao. Mwenye gari jipya hana sababu ya kuidharau.

Likizo ipi?

Shule zetu hufungwa Aprili, Agosti na Desemba. Aprili ni masika, na Desemba yaweza kukuta vuli bado haijamaliza kazi yake. Nyumbani kwangu jibu ni moja: Agosti.

Sababu ni Chalbi. Jangwa hilo ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Wakati wa kiangazi gari hupita juu ya gaga la udongo na chumvi, na mtoto anayeshuka kulikanyaga hulisikia likivunjika chini ya kiatu. Mvua ikinyesha, gaga hilo hilo huwa tope linalokamata gari hadi ekseli, na hakuna mti wa kufungia kamba. Kwa hiyo hata Agosti, siku moja kabla ya kuondoka Marsabit, nenda stendi ukawatafute madereva waliotoka jana North Horr, ng'ambo ya jangwa hilo. Waulize wamepita wapi. Ramani ya simu haijui kilichonyesha juzi.

Jambo la pili ni laga, ile mito mikavu ya mchanga inayokatiza njia kila mara. Laga ina kivuli cha migunga na mchanga laini, kwa hiyo kila mgeni akiiona hutamani kupiga hema hapo. Usithubutu. Mvua ikinyesha milimani, mbali na macho yako, maji huteremka na kujaza laga huku juu yenu mbingu ni nyeupe. Mkikuta laga inatiririka, zimeni magari, pikeni chai, mngoje ipungue. Hakuna anayekufukuza.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit

Mwanzo wa safari ni rahisi mno, na urahisi huo huwalevya watu. Kutoka Isiolo hadi Archers Post ni kama kilomita 35 za lami. Hapo Mto Ewaso Ng'iro unazitenga mbuga mbili: Buffalo Springs upande wa Isiolo, na Samburu upande wa kaunti ya Samburu. Zote ni za kaunti, kwa hiyo malipo yake hayahusiani na yale ya mbuga za taifa zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali, kama Marsabit na Sibiloi. Hizi za KWS hulipiwa mtandaoni kupitia eCitizen. Lipa ungali mahali penye mtandao, na uhifadhi risiti ndani ya simu.

Kwa watoto, hapa ndipo mahali pa kutumia muda. Kuna wanyama wa nchi kame ambao hawatawaona Nairobi wala Maasai Mara. Punda milia wa Grevy ana milia myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo. Twiga wa huku ana madoa yaliyochorwa kama wavu. Choroa hutembea na pembe zake ndefu zilizonyooka. Mbuni wa Kisomali, yule dume, ana shingo na miguu ya rangi ya buluu-kijivu. Lakini kipenzi cha wajukuu wangu ni swala twiga. Husimama wima kwa miguu ya nyuma, hutanguliza shingo matawini, na kuchuma majani ambayo mbuzi hawayafikii. Mjukuu wangu mdogo alimtazama kitambo, kisha akaniuliza, "Babu, huyu anakunywa maji wapi?" Nikamwambia mnyama huyu anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa, kwa kuwa maji huyapata ndani ya majani. "Basi sisi tungekuja na majani," akasema.

Ukitoka Archers Post, lami inaendelea kupitia Merille, Laisamis na Logologo, joto likipanda kila baada ya mteremko. Kisha Mlima Marsabit unachomoza na msitu wake, na ndani ya saa moja waliokuwa wakijipepea wanatafuta sweta. Ukungu hukaa juu ya miti asubuhi. Ndani ya mbuga kuna Ziwa Paradise, lililo katika shimo la volkano, ambapo tembo hushuka kunywa katika miaka ya mvua nzuri. Huku ndiko alikoishi Ahmed, tembo aliyekuwa na pembe kubwa kiasi kwamba mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe rasmi. Alikufa mwaka 1974. Sanamu yake ipo Makumbusho ya Taifa Nairobi, na ukiwapeleka watoto kuiona kabla ya safari, mlima huu utakuwa na maana kwao.

Laleni Marsabit angalau usiku mbili. Mji huu ndio stoo yenu ya mwisho: dizeli, mkate, vitunguu, dawa, fundi wa magurudumu. Ukiondoka hapa na tanki nusu eti utajaza mbele, umeweka safari ya familia mikononi mwa muuza duka wa North Horr, ambaye huenda mzigo wake haujafika.

Hesabu ya jerikani

Chukua familia ya watu saba. Kila mmoja mpe lita tano za kunywa kwa siku. Kutoka Marsabit hadi kurudi kwenye lami kupitia Loiyangalani, weka siku nne. Hizo ni lita 140, yaani jerikani saba za lita ishirini, kabla hujapika wala kuosha uso wala kuongeza maji ya rejeta. Mimi hubeba kumi. Sitegemei Ziwa Turkana. Ni maji ya magadi, na mna mamba ndani yake.

Maji yasikae kwenye pipa moja kubwa. Likipasuka kwenye mawe, yamekwenda yote. Tena yagawanye kati ya magari mawili, maana kwa gari moja peke yake sipeleki watoto jangwani. Mkwe wangu aliwahi kuniambia kwa heshima zote, "Baba, hili gari halijawahi kulala njiani." Nilimjibu kwamba gari la pili si la kuvuta la kwanza tu, ni la kukimbiza mgonjwa wakati la kwanza limebaki na mizigo.

Kila gari libebe spea mbili, pampu ya upepo, vifaa vya kuziba pancha, kamba ya kuvutia, koleo, na kipande cha ubao kipana. Ubao huo huwekwa chini ya jeki, maana bila huo jeki huzama mchangani huku gari limetulia pale pale. Kwenye mchanga mwingi punguza upepo wa magurudumu ili yatandae, na ujaze tena ukifika kwenye mawe. Mawe meusi ya volkano ya kuelekea Loiyangalani hukata mpira pembeni, mahali pasipozibika. Endesha polepole.

Jua ndilo mwenye ratiba

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, chai ikiwa ndani ya chupa. Saa tano tafuteni kivuli, au mtengeneze cha turubai kati ya magari mawili. Kuleni, laleni, chezeni karata. Saa tisa mwendelee, na kufikia saa kumi na mbili jioni hema liwe limesimama. Usiku hatuendeshi.

Mtoto hasemi ana kiu hadi kiu imemwingia kichwani. Hewa ya huku ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hajalihisi, basi anadhani hajatoka jasho. Dawa yake ni kumpa kila mtoto chupa yenye jina lake, na kila mnaposimama mama au shangazi akague chupa zote. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mtoto anywe papo hapo. Pakiti za ORS zikae kwenye dashibodi, zisiwe chini ya mizigo. Nguo ziwe za mikono mirefu na nyepesi, kofia iwe pana. Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa sababu ya nge. Chandarua kisisahaulike, kwani malaria iko hata kando ya ziwa la jangwani.

Chalbi, kisha ziwa

Njia ninayoipenda hushuka kutoka Marsabit kupitia Maikona na Kalacha hadi North Horr, kisha hugeuka kusini kuelekea Loiyangalani. Maikona mtakuta ngamia kisimani. Simamisha gari mbali ili wasishtuke, ushuke, umsalimie mzee aliye karibu, umuulize hali ya mifugo na mvua. Picha huombwa baada ya salamu, na akikataa, amekataa. Watoto wakae watazame zamu zinavyokwenda: kundi moja linakunywa, jingine limezuiwa mbali, na hakuna anayeruka mstari. Wajukuu wangu wanaogombania chaja ya simu waliangalia kimya.

Loiyangalani kuna chemchemi, mikoma na mahali pa kulala. Kuna makumbusho juu ya kilima, na kuna jamii ya El Molo, watu wachache waishio kwa uvuvi. Upepo hushuka kutoka upande wa Mlima Kulal na usiku unaweza kung'oa hema, kwa hiyo kamba zifungwe kwenye mawe mazito. Upepo huo ndio uliozaa mradi mkubwa wa umeme huko Sarima, wenye mitambo 365. Kisiwa cha Kusini, ambacho ni mbuga ya taifa, huonekana ziwani. Kwenda huko ni kwa boti, alfajiri, ziwa likiwa limetulia, na kila mtu akiwa na jaketi la kuokolea maisha. Mkiwa na watoto wadogo, kitazameni kutoka ufukweni.

Sibiloi ni uamuzi mwingine. Ni mbuga iliyoanzishwa mwaka 1973, kaskazini zaidi kando ya ziwa, na tangu 1997 imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mnamo 2018 UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa hofu ya mabwawa yaliyojengwa kwenye Mto Omo nchini Ethiopia. Huko kuna miti iliyogeuka mawe, na kuna Koobi Fora, ambako mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la kale maarufu kwa namba yake, 1470, lenye umri wa miaka karibu milioni mbili. Kijana wa sekondari atashukuru maisha yake yote. Lakini Sibiloi inadai siku tatu za ziada, dizeli ya kwenda na kurudi bila kutegemea mtu, na kiongozi anayeijua njia. Kama hesabu ya jerikani haikubali, ifute sasa hivi, mkiwa bado mezani nyumbani. Kuifuta mkiwa North Horr, watoto wakilia, ni kazi nzito zaidi.

Habari za njia

Kaskazini kuna vipindi vya wizi wa mifugo na uhasama, na hali hubadilika kwa wiki. Kabla ya kila hatua ulizeni kituo cha polisi na askari wa KWS, na mchukue kiongozi wa eneo hilo. Mtandao wa simu hupotea kwa saa nyingi. Pakueni ramani mapema, mbebe pesa taslimu za noti ndogo, na mumwachie mtu mmoja wa nyumbani ratiba iliyoandikwa: leo tutalala wapi, kesho wapi, na siku gani aanze kuuliza habari zetu.

Kurudi kwetu ni kwa barabara ya changarawe kutoka Sarima hadi Laisamis, iliyotengenezwa ili malori yafikishe mitambo ile ya upepo. Mkigusa lami, jazeni upepo magurudumu yote. Mkifika Isiolo, peleka magari yakaoshwe chini ya chasisi, kwa kuwa chumvi ya Chalbi hula chuma taratibu. Na kabla hata hujaagiza nyama choma, mpigie simu yule uliyemwachia ratiba, maana kama mmechelewa siku moja, ameshawapigia polisi wa kaunti tatu.