Mlezi Si Mrithi: Mali ya Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza dimensia ni nini, na kwa nini kusahau kwa mzee si uchawi wala laana. Leo tuingie panapozuka ugomvi wa ndugu: mali yake.

Mama mmoja ninayemfahamu, mwalimu mstaafu, alipelekwa benki na mwanawe kuchukua pensheni. Akapewa fomu. Akashika kalamu vizuri na kwa mwandiko uleule wa ubaoni akaandika jina la baba yake, alilolitumia kabla ya kuolewa. Karani akalinganisha sahihi, akairudisha fomu. Nyumbani jamaa wakamshauri kijana: "Si umshike mkono tu, atie dole gumba?"

Ushauri huo umezitia familia nyingi matatani. Dole gumba la mtu asiyeelewa anachokikubali huenda lisimfunge, na anayemshika mkono anaweza kujikuta kizimbani. Hati ya uwakilishi nayo haifai ikichelewa, kwani anayeitoa sharti ajue anatoa nini.

Njia halali nchini Kenya imo katika Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248. Mahakama inaweza kuteua mlezi wa kumtunza mgonjwa na msimamizi wa mali yake, na aghalabu mtu mmoja hubeba mizigo yote miwili. Anaweza kuwa jamaa wa karibu au mtu mwingine anayefaa. Asipopatikana yeyote, mali huweza kukabidhiwa Mdhamini wa Umma.

Mwombaji hupeleka ripoti ya daktari pamoja na hati ya kiapo inayoeleza hali ya mzee na mali aliyo nayo. Ndugu wote wajulishwe mapema, kwa maana kesi nyingi hukwama pale mmoja anapodai alizungukwa. Jaji anaweza kutaka kumwona mzee mwenyewe. Uamuzi ukichapishwa, kwa kawaida mzee hutajwa kwa herufi za kwanza za jina lake. Sheria nayo inajua kusitiri.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakishapata amri ya mahakama, hudhani wamerithi, ilhali mirathi hungoja kifo na mzee yu hai. Msimamizi hana ruhusa ya kuuza ardhi, kuiweka rehani, kuitoa zawadi wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka 5 bila kibali maalumu cha mahakama. Ndani ya miezi 6 tangu kuteuliwa anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma, kisha atoe hesabu kila mwaka. Akishukiwa kuficha kitu, mahakama inaweza kumwita ajieleze.

Kwa nini masharti yote haya? Kwa sababu anayelindwa hawezi tena kuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hiyo hupotea pamoja na kumbukumbu.

Yule kijana hakushika dole gumba la mtu. Alikwenda mahakamani, akateuliwa, akanunua daftari. Nimeliona: maziwa, dawa, nepi, nauli ya kliniki, kila risiti imebandikwa penye tarehe yake. Jioni moja mama alimkuta akiandika, akamuuliza anafanya nini. "Hesabu, Mama." Akalichukua daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha akaomba kalamu nyekundu na kutia alama ya vema chini ya ukurasa.

Wiki ijayo: ndugu wanapopinga uteuzi wa mlezi.