Gari la kumpeleka mtoto hospitali: uliza na ‘ya kutolea’

Safari nyingi za dharura kutoka Msimbati huanza hivi. Mtoto amepata degedege usiku, zahanati imempa rufaa, na baba anampigia simu mwenye Noah. Wanakubaliana, tuseme, Sh80,000 hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, mjini Mtwara. Gari linapita kwenye mchanga hadi Madimba, linashika njia ya mjini, mtoto anapokelewa. Baba anapotoa simu ili alipe, dereva anasema: “Mzee, weka na ya kutolea.” Kisha anakumbusha kwamba amesubiri nusu saa.

Hapo hakuna tena kuelewana bei. Mama yuko ndani na mtoto, na baba hataki kuonekana akibishania pesa mlangoni mwa wodi. Anatuma. Pesa iliyopungua ndiyo iliyokuwa ya chakula cha anayeuguza, au ya nauli ya kurudi nyumbani. Kwa sera ya nchi, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika kituo cha serikali ni bure. Gari si bure.

Dereva naye ana hoja. Mafuta anataka kununua kwa fedha taslimu, na akienda kwa wakala anakatwa. Wazazi wengi hawamlaumu kwa hilo, na wako sahihi. Tatizo ni wakati anaolisema. Bei iliyotajwa mgonjwa akiwa bado nyumbani inaweza kulinganishwa na ya dereva mwingine. Ya mlangoni mwa hospitali haiwezi.

Makato yenyewe yapo ya aina mbili, na watu huyachanganya. Kuna ada ya kutuma, anayokatwa mwenye simu, na kuna ya kutolea, anayokatwa mpokeaji lakini huombwa mtumaji ailipe. Kutuma kwenda mtandao mwingine nako kuna viwango vyake. Familia nyingi zilianza kuyahesabu makato haya kwa makini Julai 2021, serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu ya kati ya Sh10 na Sh10,000 kulingana na kiasi, kabla ya kuipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Uingereza, tangu Januari 2018, hairuhusiwi kumwongezea mteja bei kwa sababu tu amelipa kwa kadi. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, lakini nani atakwenda kushtaki saa nane usiku akiwa na mtoto mgongoni?

Kinga iliyo karibu ni swali moja kwenye simu, kabla gari halijawashwa: “Kaka, hiyo ni pamoja na ya kutolea na kusubiri?” Akijibu ndiyo, mwombe aiandike kwa ujumbe mfupi. Na kama nyumbani kuna fedha taslimu, nusu yake inaweza kulipwa hivyo, makato yakapungua.

Lipo pia gari ambalo familia hailipii kabisa, na wanaolikodi bila sababu ni wengi. Mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga wa hadi siku 28 wanahudumiwa na mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Namba ni 115 na kupiga ni bure. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na mfumo wenyewe ndio unaomlipa kupitia simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Huyo hapaswi kuomba ya kutolea.