Kazi Iko kwenye Nibu

Haya wanangu, sogeeni mwone. Hii ni kalamu ya wino, ile ya nibu. Imetoka Japani, inaitwa Platinum Preppy, nayo ni miongoni mwa kalamu rahisi kabisa za aina yake. Mwili wake ni plastiki angavu, hata wino mnauona ukicheza ndani. Wapo watakaowaambia kwamba kalamu ya wino ya kweli lazima iwe na nibu ya dhahabu. Msiwasadiki upesi. Kwanza sikilizeni dhahabu ilivyofika huko.

Zamani wino wa Ulaya ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni. Ulikuwa wino hodari, haufutiki ovyo, ila ulikuwa na asidi. Nibu ya chuma ikikaa na wino huo, huliwa. Dhahabu hailiwi, na hiyo ndiyo sababu kubwa mafundi wakaichagua. Lakini dhahabu ni laini, ingesagika kwenye karatasi, basi nchani wakaunganisha chembe ya madini magumu, kama iridi. Mnaona? Hata kwenye kalamu ya tajiri, kinachogusa karatasi si dhahabu.

Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley akatengeneza chuma kisichoshika kutu. Wino nao ukabadilika; mwingi wa leo ni rangi iliyoyeyushwa katika maji. Shida iliyoleta dhahabu ikawa imekwisha.

Sasa igeuzeni kalamu. Hicho kipande cheusi chini ya nibu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kina mfereji mwembamba, na wino hupita humo wenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Lakini wino ukitoka, hewa lazima iingie nyuma yake, la sivyo kalamu inagoma. Hewa ikizidi, linadondoka doa kwenye daftari. Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kipande kilichoruhusu wino kutoka na hewa kuingia kwa kipimo. Leo mashine humimina vipande vya namna hiyo kwa plastiki, kimoja sawa na kingine, na ndiyo maana kalamu ya bei ndogo inaweza kuandika vizuri namna hii. Huna haja ya kukandamiza. Iguse tu karatasi, mstari unakuja.

Kifuniko pia kina ujanja wake. Ndani kuna kifuniko kingine kidogo chenye springi kinachoziba nibu, wino usikauke.

Ya bei kubwa si bure, lakini. Nibu ya dhahabu hunesa kidogo mkononi, na mwili wa kalamu hiyo hustahimili miaka. Plastiki ya hii ikianguka vibaya, hupasuka. Na daftari la karatasi nyepesi litanyonya wino hadi upande wa pili, hata kalamu iwe ya bei gani.

Mkienda kununua, inueni nibu kwenye mwanga. Katikati ina ufa, na pande zake mbili zinapaswa kulingana nchani. Upande mmoja ukipanda, itakwaruza, ombeni nyingine. Ikianza kuziba, isafisheni kwa maji baridi matupu. Wino mzito wa kuchorea msiutie humo kabisa, ukikauka hautoki.