Nani analisha nyumba mujini?

Mutoto wako akikuuliza: "Baba, muji ni nini?", utamujibu nini? Pengine utamuonyesha barabara, taa na moshi wa kiwanda. Wataalamu wa sosiolojia, ni kusema wale wanaochunguza namna watu wanaishi pamoja, wanatafuta mengine: nani anakula na nani, nani anakimbilia kwa nani wakati wa shida.

Mwaka wa 1938 mwalimu mumoja wa Chicago, Louis Wirth, aliandika kama muji ni pahali pa watu wengi, waliosongamana, wa kila namna. Pale jamaa inalegea, alisema. Unakutana na watu mingi, lakini unawajua kidogo tu: huyu wa mikate, yule dereva. Wazee wetu mingi wangeitika.

Ngoja kwanza. Kule Luanshya, katika kambi za shaba za Zambia, Clyde Mitchell alichunguza ngoma ya Kalela, akatoa kitabu mwaka wa 1956. Wachezaji Wabisa walivaa suruali ya kupigwa pasi na viatu vya kung'aa. Mumoja alijifanya munganga, na kanzu nyeupe. Kwa nyimbo waliwachekelea watu wa makabila mengine. Mitchell akafahamu kama kabila la mujini halikutoka kijijini ndani ya valisi. Watu walilitengeneza kule kambini, wapate kujua nani wa kutania naye na nani wa kumutegemea.

Na kwetu Katanga? Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kukalisha wafanyakazi pamoja na bibi zao na watoto: nyumba, posho, masomo, matunzo. Baba alikuwa mukubwa, maana posho ilipita kwa jina lake. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia kule Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka wa 2001 juu ya bana Shaba walioachwa na baba yao. Mushahara wa Gécamines ulipokatika, mama njo aliingia sokoni na unga, makala ao samaki. Kiti cha baba kilibaki pale pale, lakini feza ilitoka kwa mama. Sasa nani anakata shauri? Wababa wengine walinyamaza, wengine walipiga meza.

Watafuti wa Université de Lubumbashi nao walipita kwa nyumba, wakiuliza feza inatoka wapi na inakuliwa namna gani. Kama leo wangepiga hodi kwenu na kuuliza nani alinunua unga wa jana, nani angejibu wa kwanza?