Deni, daraja na hukumu ya haraka

Mji mdogo wa Shiling, ulioko Huadu, kaskazini mwa jiji la Guangzhou nchini China, unajulikana kwa mikoba ya ngozi inayouzwa nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Palipo na biashara hapakosi deni, na deni likizidi humnyima mtu usingizi.

Katika jiji hilohilo, tarehe 21 Mei mwaka 2009, mwanamume aliyekuwa na deni la yuan milioni 2 hivi alipanda Daraja la Haizhu akitaka kujiua. Magari yalikwama kwa takriban saa tano. Askari mstaafu mwenye umri wa miaka 66 alimfuata, akampa mkono, kisha akamsukuma. Aliangukia godoro la hewa la waokoaji, akaumia, lakini akanusurika. Mzee alidai kuwa watu kama hao ni wabinafsi.

Je, nani alikosea? Dini zetu hufundisha kuwa uhai ni amana, nasi hatuhalalishi kujiua. Lakini kulaani kitendo ni jambo moja, na kumsukuma aliyekata tamaa ni jambo jingine. Huko Kenya, Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Ni kweli, lakini mlipaji lazima awe hai. Basi kabla ya kumhukumu ndugu yetu aliyeelemewa, nyumbani au ugenini, tumpigie simu kwanza, tumsikilize.