Kwa nini dola za Juba zinategemea mpaka wa wakoloni

JUBA, Sudan Kusini – Malori mengi yanayoshusha bidhaa mjini hapa hutoka Mombasa na Uganda kupitia mpaka wa Nimule, upande wa kusini. Lakini dola za kulipia bidhaa hizo hutokana hasa na mafuta, ambayo hupita kaskazini kwa bomba hadi Port Sudan.

Mwaka 1922 utawala wa Waingereza uliifanya sehemu kubwa ya kusini kuwa eneo lililofungwa. Mfanyabiashara wa kaskazini hakuingia bila kibali. Pande hizo zilizotawaliwa mbalimbali zikapewa uhuru kama nchi moja Januari 1, 1956, zikapigana miaka mingi. Mkataba wa amani wa 2005 uliutambua mpaka wa siku hiyo ya 1956.

Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011, visima vingi vilibaki kusini. Bomba na bandari vikabaki kaskazini. Januari 2012 Juba ilifunga visima kutokana na mgogoro wa ada ya kupitisha mafuta, na dola zikaadimika. Mwaka 2024 bomba moja lilisimama kwa sababu ya vita vya Sudan.

Hivyo, anayepeleka mzigo Juba kwa mali kauli afuatilie habari za bomba, si za barabara pekee.