Programu ya Uokozi katika Simu Janja: Kuielewa, Kuiweka na Kuifundisha

Katika shule nyingi za msingi za kandokando ya Ziwa Viktoria, mwanachuo anayefika kwa mazoezi ya kufundisha hudhaniwa kuwa mjuzi wa simu kwa sababu tu ni kijana. Awe amepangiwa Magu, Sengerema au kisiwani Ukerewe, haichukui siku nyingi kabla hajaletewa simu kongwe iliyogoma kuwaka, huku akiambiwa, "Mwalimu, hebu tusaidie, nyinyi ndio mnaoyajua haya." Ndani ya simu hiyo pengine mna alama za muhula mzima, orodha ya mahudhurio na namba za wazazi. Mwanachuo akibahatisha, vyote hupotea, na hapana fundi wa kuvirudisha, awe wa Nansio au wa mjini Mwanza.

Tunakusudia hapa kueleza jambo moja ambalo mafundi wa simu hulitaja sana na ambalo wenye simu hulielewa kwa nadra, nalo ni kuondoa programu ya uokozi iliyowekwa na kiwanda na kuweka nyingine mahali pake. Mafundi huiita rikavari, na kitendo cha kuiweka hukiita kuflashi. Tutaeleza pia namna mwalimu anavyoweza kulifanya jambo hili kuwa somo, kwa maana limebeba fundisho la mpangilio wa hatua ambalo ni adimu kulipata katika vitabu vya mwaka wa kwanza.

Maelezo yetu yanahusu simu zinazotumia mfumo wa Android, ambao ndio wenye simu nyingi za bei nafuu nchini. Kumbukumbu ya kudumu ya simu ya namna hiyo si ghala moja lililo wazi, bali ni nyumba yenye vyumba. Kipo chumba cha kuwashia, ambamo mna kiini cha mfumo. Kipo chumba cha mfumo wenyewe, na kipo chumba cha mwenye simu, ambacho ndicho kikubwa, kinachohifadhi picha, barua na programu alizojiwekea. Mwisho kipo chumba kidogo cha uokozi. Mlangoni amesimama bawabu, yaani programu fupi ambayo huamka kwanza simu inapowashwa. Mafundi humwita butiloda. Kwa kawaida bawabu hufungua chumba cha kuwashia. Lakini mwenye simu akibonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na kitufe cha kuongeza sauti (vitufe hutofautiana kati ya simu na simu), bawabu huacha njia ya kawaida na kufungua chumba cha uokozi.

Mvuvi wa dagaa anayetoka usiku na karabai zake huweka kasia mtumbwini hata kama ana injini. Chumba cha uokozi ni kasia hilo. Ila kasia la kiwandani ni fupi mno: linaweza kufuta yote yaliyomo katika chumba cha mwenye simu na kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani, na linaweza kupokea masahihisho yenye saini ya kiwanda chenyewe. Zaidi ya hapo haliwezi mengi. Programu ya uokozi iliyotengenezwa na watu wengine hufanya zaidi. Hutoa nakala kamili ya vyumba vya simu, huirudisha nakala hiyo baada ya madhara, hufungua mafaili simu ikiwa haiwaki, na hupokea mfumo mpya usio na saini ya kiwanda. Ya kwanza iliyopata umaarufu mkubwa ni ClockworkMod ya Koushik Dutta. Baadaye, tangu mwaka 2011, ikaja TWRP, kazi ya kundi la watu wanaojitolea liitwalo Team Win, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi leo. Faida yake kubwa kwa shule ni kwamba simu ambayo kiwanda kimeacha kuitolea masahihisho yaweza kupewa mfumo mpya zaidi, mathalani LineageOS ulioanza mwishoni mwa 2016, ikaendelea kutumika kusomea vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Hata hivyo, wengi wanaotaka kuflashi hawana haja nayo. Simu iliyojaa huhitaji kupunguzwa picha. Simu inayosuasua baada ya kuwekewa programu fulani huhitaji kuondolewa programu hiyo. Aliyesahau nywila hawezi kuokoa mafaili yake kwa njia hii hata kidogo, kwa sababu tutakazozieleza. Na vishikwambi ambavyo serikali iliwagawia walimu baada ya kutumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ni mali ya umma. Havibadilishwi programu na mwalimu, sembuse mwanachuo. Atakayeletewa kishikwambi cha namna hiyo akirudishe kwa mwalimu mkuu kama kilivyo.

Sababu kabla ya kanuni

Tukifika kwenye kazi yenyewe, hatua iliyo kuu ni kumfungua bawabu. Kiwandani bawabu amefundishwa kupokea vitu vyenye saini ya kiwanda tu. Kabla ya kumpa programu ya uokozi ngeni, hapana budi aondolewe sharti hilo. Nayo kanuni yasema hivi: bawabu anapofunguliwa, chumba cha mwenye simu hufutwa chote.

Wanafunzi wengi huichukia kanuni hii na kuiona kama adhabu ya kiwanda. Hapa ndipo mwalimu apasapo kutua. Tufikiri: mtu ameibiwa simu katika msongamano wa Mwaloni, Kirumba. Simu imefungwa kwa nywila. Kama mwizi angeweza kumfungua bawabu pasipo kufuta chochote, angeweka programu yake ya uokozi, akafungua chumba cha mwenye simu na kusoma yote. Kwa kufuta kwanza, bawabu humwachia mwizi nyumba tupu. Kwa hiyo ufutaji unamlinda mwenye mali. Zaidi ya hayo, simu za miaka ya karibuni huandika yaliyomo kwa maandishi ya siri yafunguliwayo kwa nywila ya mwenyewe. Hii ndiyo sababu aliyesahau nywila hasaidiki.

Mtu aliyeielewa sababu hii haambiwi mara mbili atoe nakala kwanza. Tena ataona mwenyewe kwamba nakala iliyowekwa ndani ya simu ileile si nakala, maana itafutwa pamoja na mengine. Ni lazima iende kwenye kompyuta au kwenye kadi inayochomolewa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza hutafutwa jina kamili la muundo wa simu katika sehemu ya mipangilio. Jina la biashara lililoandikwa mgongoni halitoshi, kwa sababu simu mbili zenye jina moja la dukani zaweza kuwa na vichakato tofauti, na programu ya moja ikaikataa nyingine. Hapa wengi hukwama. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa kwetu hazimo katika orodha rasmi ya TWRP. Kama simu haimo, kazi inaishia hapo. Asije mtu akachukua programu ya simu "inayofanana".

Faili likipatikana, huhakikiwa. Watengenezaji hutangaza pamoja na faili namba ndefu ya uthibitisho inayotokana na yaliyomo ndani yake. Kompyuta huikokotoa upya, na namba mbili zikilingana faili ni zima. Mchuuzi wa dagaa afanya vivyo hivyo: gunia lililopimwa kisiwani hupimwa tena likifika mjini, na uzito ukipungua hujua kuna jambo limetokea njiani. Intaneti ikikatika katikati ya kupakua, faili huweza kuonekana zima kwa jina ilhali si zima.

Baada ya hapo betri hujazwa. Sisi hushauri isipungue nusu, na kama kompyuta haina betri yake yenyewe, kazi iahirishwe siku ambazo umeme haueleweki. Katika mipangilio ya simu, mstari wenye namba ya toleo la programu hubonyezwa mara 7, ndipo sehemu ya wasanifu hufunguka. Humo huruhusiwa mambo mawili, yaani kufunguliwa kwa bawabu, na mazungumzo kati ya simu na kompyuta kwa waya. Simu huwashwa upya katika hali iitwayo fastboot, kisha kompyuta huamriwa: fastboot flashing unlock. Simu kongwe hutaka amri ya fastboot oem unlock. Simu huuliza kama mwenyewe amekubali, naye hujibu kwa vitufe vya sauti. Viwanda vingine hudai kibali chao kwanza. Xiaomi, kwa mfano, humngojesha mtu kwa siku kadhaa. Vingine havikubali kabisa.

Ndipo faili huwekwa kwa amri ya fastboot flash recovery ikifuatwa na jina la faili. Hapa pana mtego mdogo ambao umewasumbua wengi. Katika simu nyingi za zamani, mfumo wa kiwanda ukiwaka huirudisha programu yake ya uokozi juu ya ile mpya. Kwa hiyo simu isiachwe iwake kwa kawaida. Iongozwe moja kwa moja kuingia chumba cha uokozi kwa vitufe vyake. Simu nyingi zilizotoka baada ya 2016 hazina chumba cha uokozi kinachojitegemea, maana uokozi umeunganishwa na chumba cha kuwashia au kingine. Kwa hizo huanzwa na amri ya fastboot boot, ambayo huiwasha programu mpya kwa muda tu bila kuiandika. Samsung nao wana njia yao, kwa programu ya kompyuta iitwayo Odin. Tena ndani ya simu zao nyingi mna alama ambayo huungua mara tu programu ngeni iingiapo, wala hairudi hata simu ikirejeshewa programu ya kiwanda.

Programu ikifunguka, jambo la kwanza ni kutoa nakala ya vyumba vyote, hasa kile kidogo kinachohifadhi namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI, ambayo kila mtu huweza kuiona kwa kupiga *#06#. Namba hiyo ikipotea, simu haitambuliki mtandaoni. Wasomaji watakumbuka kwamba Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia kwa kutumia namba hizo. Kuweka programu ya uokozi hakuigusi namba hiyo. Fundi anayejitolea kuibadilisha anafanya kazi nyingine kabisa, nayo ni kosa la jinai.

Mwenye simu aelezwe pia gharama zake. Kila simu iwakapo huenda kukatokea onyo kwamba bawabu yu wazi. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi, ingawa huduma za fedha za kupiga namba za nyota na reli huendelea, kwa kuwa hizo hupitia mtandao wa simu bila kuitegemea programu ya ndani. Na asije mtu akamfunga bawabu tena ilhali programu ngeni imo, kwani bawabu atakikuta kitu kisicho na saini na kukataa kuwasha. Simu nyingi hufa kwa namna hii, mikononi mwa watu waliotaka kurudisha usalama.

Darasani

Wanafunzi wa shule za msingi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, wala hatupendekezi wafundishwe kuflashi. Lakini nyumba yenye vyumba na bawabu wake hufundishika vizuri pasipo simu yoyote. Tunahitaji visanduku 4 vya kiberiti, uzi na vipande vya karatasi. Kila kisanduku hupewa jina la chumba. Katika kile cha mwenye simu wanafunzi huweka karatasi walizoandika siri ndogondogo. Mwanafunzi mmoja huwa bawabu, naye hupewa alama ya saini ya kiwanda na kuambiwa asipokee kisanduku kisicho na alama hiyo.

Kisha mwalimu huuliza: kama mwizi akitaka kubadilisha kisanduku cha uokozi, bawabu afanye nini ili siri zisisomwe? Asiwape jibu. Darasa la sita, likiachiwa dakika chache za kubishana, kwa kawaida hufika lenyewe kwenye kuzichana karatasi. Pengine atatokea mmoja wa kusema bawabu apige kelele. Naye asikilizwe, kwa maana lile onyo la kila simu iwakapo ni kelele hiyo hasa.

Kwa wanachuo zoezi huwa gumu zaidi. Hatua zote tulizozieleza huandikwa kwenye kadi, kadi huchanganywa, na kila kundi huzipanga. Kisha hutakiwa kuzigawa mafungu mawili: hatua zinazoweza kurudiwa bila hasara, na hatua ambazo zikishapita hazirudi. Kuhakiki faili huweza kurudiwa mara 10. Kumfungua bawabu hakurudi, kwa maana ya yale yaliyofutwa. Mkufunzi atazame hasa mahali kundi lilipoiweka kadi ya nakala. Wako watakaoiweka baada ya kufunguliwa kwa bawabu, wakitetea kwamba programu mpya ndiyo itoayo nakala kamili. Wana sehemu ya haki, kwani zipo nakala mbili, ya mafaili ya mwenye simu na ya vyumba vya simu, na ya pili haiwezekani kabla ya programu mpya kuingia. Mkufunzi awape basi kadi ya pili ya nakala, bila maelezo, awaache waitafutie mahali pake.